Kipandio cha Kituo cha Tisa

Mafundi wakitaka kujua kama sehemu mbili za ardhi ziko sawa, huchukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wakaujaza maji, mmoja akashika ncha ya huku na mwenzake ncha ya kule. Maji hayampendelei mtu. Yatasimama kimo kilekile pande zote mbili. Ila wale wawili lazima wazungumze. Mmoja aseme, "Shusha kidogo," mwingine aulize, "Hapa?" na wa kwanza ajibu, "Hapo hapo, piga alama." Bila maneno hayo, mpira ni mpira tu.

Ndugu wawili waliopewa kazi ya kujenga Njia ya Msalaba pale kilimani walikuwa hawajasemezana tangu baba yao azikwe.

Mkubwa walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kunyooka, na asiyenyooka mbele yake alikiona cha moto. Mdogo alikuwa Patasi, mchonga mawe, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa hasira. Katikati yao alizaliwa dada yao, fundi rangi, ambaye kazi yake pale ilikuwa kupaka vibanda kumi na vinne vya vituo, kuanzia Yesu anapohukumiwa kule chini hadi anapozikwa kule kileleni. Kwa kuwa rangi ilimpeleka huku na huku, ndugu zake walimtumia kupelekeana maneno, na vibarua wakampa jina la Posta.

"Posta hiyo inapanda!" walimwita akipita na ndoo zake. "Leo kuna barua?"

"Barua ipo," alijibu seremala mmoja mwenye ulimi mkali, "lakini huwa inafunguliwa njiani."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, ingawa moyoni alijua seremala hakukosea.

Siku baba yao alipofariki, Patasi alikuwa mbali kikazi. Timazi, aliyemuuguza mzee peke yake mpaka pumzi ya mwisho, alimwambia dada yake kwa uchungu, "Mpigie simu huyo mtoro. Mwambie tunazika kesho saa tisa, awepo asiwepo." Dada akapiga simu, akayasema vilevile, neno kwa neno, pamoja na lile la mtoro. Wakati huo hakujua kwamba maneno yanaweza kuoshwa kabla ya kufikishwa. Patasi alizima simu. Alikuwa ameshapanda basi. Akateremka mji wa njiani, akalala huko na hasira zake. Alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafukiwa na maua juu yake yameanza kunyauka. Timazi akasema mdogo wake hakuja. Patasi akasema kaka yake hakumngoja. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kuwaamua.

Tangu hapo dada mtu akajifunza kuosha. Timazi akisema, "Muulize huyo bwana, saruji anayojichukulia ni ya baba mkwe wake?" yeye alipanda mlima na kusema, "Kaka anauliza kama saruji inakutosha." Patasi akijibu, "Mwambie akae na saruji yake ajengee roho yake mbaya," yeye alishuka na kusema, "Inatosha, anashukuru." Kwa njia hiyo kazi ilikwenda.

Padre aliyesimamia mahali pale pa hija aliwachukua wote wawili kwa makusudi. Alimgawia Timazi sehemu ya chini, aanze kituo cha kwanza akipanda, na Patasi sehemu ya juu, aanze kituo cha mwisho akishuka. Wangekutana kwenye kona iliyozibwa na kichaka, kati ya kituo cha nane na cha tisa. Sharti lake lilikuwa moja.

"Sitaki ngazi hata moja," alisema. "Mteremko wa taratibu, wa zege, kutoka chini mpaka juu. Wazee wapande kwa miguu yao."

Mzee mmoja aliyeisubiri njia hiyo kuliko wote alikuwa mama yao. Aliishi kwa binti yake, magoti yake yakiwa yamechoka, na kila jioni alipokuwa akikandwa kwa maji ya moto alirudia lilelile.

"Siwaambii wakae meza moja. Siwaambii wasameheane, hayo ni yao. Mimi nataka siku ya ufunguzi huyu anishike mkono huu na huyu anishike mkono huu. Tupande wote. Hayo tu. Nimewazaa, sina haki ya hayo?"

"Unayo, Mama."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamekubali, Mama," alisema, akakamua kitambaa. Alikuwa hajawaambia bado. Alikuwa akingoja siku ambayo wote wawili wangeamka vizuri.

Mara moja tu, kazi ikiwa bado changa, alijaribu kufikisha neno bila kulisafisha. Ilihusu mfereji wa maji ya mvua ambao Patasi aliuchimba upande usiofaa. Timazi alitoa kauli, dada akaipeleka kama ilivyo, na Patasi akatupa nyundo, akavaa shati lake na kuondoka. Ilibidi Padre mwenyewe amfuate kwake na kumbembeleza. Aliporudi, Padre alimvuta fundi rangi kando.

"Mama, sikia. Akiondoka tena, naleta mafundi wengine kwa njia nzima, na kaka yako naye atakwenda. Siwezi kufungua nusu njia."

Kwa hiyo akazidi kuosha.

Basi, siku moja Timazi alitoka kwenye kile kichaka cha konani na majani kichwani, yeye na kibarua wake, mpira wa maji ukiwa begani. Alikuwa amejipenyeza mpaka kwenye vigingi vya mwisho vya mdogo wake kuona kama sehemu zao zitakutana. Alimkuta dada yake akipaka kituo cha nane.

"Vigingi vya huyo bwana vimepanda," alisema. "Goti zima. Mwambie ashushe kabla hajamwaga zege. Na mwambie hivi: mtu aliyeshindwa kulifikia kaburi la baba yake hawezi kujua ardhi iko wapi."

"Kaka, na hilo nalo?"

"Nalo. Usinibakizie."

Akapanda. Njiani aliyapanga kama kawaida yake: la vigingi la kupeleka, la kaburi la kutupa kichakani. Lilikuwa jambo rahisi. Lakini alipofika juu alimkuta Patasi amekaa juu ya jiwe akipiga mluzi, kitu ambacho hakikusikika kwake kwa muda mrefu.

"Dada, njoo ukae. Kaka amesemaje? Nimemwona anahangaika kichakani na mpira."

Kaka. Kwa miaka mingi alikuwa akimwita "huyo". Neno lile lilimfikia fundi rangi kama maji ya baridi, akasimama na ndoo mkononi.

"Kama vigingi vyangu viko juu aseme," Patasi aliendelea. "Sasa hivi ni udongo tu. Nashusha, shida iko wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimjua mdogo wake, angeuliza, "Amesema hivyo tu?" na angemtazama usoni, na uso wa dada yake ulikuwa kitabu alichokisoma tangu utotoni. Angeliona la kaburi limejificha humo. Angetupa nyundo. Na lile neno, kaka, lingerudi lilikotoka.

"Hakusema kitu," alijibu. "Anasema mmekaribiana."

"Mmekaribiana? Alisema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Patasi alitabasamu, akageukia jiwe lake.

Alikusudia kumweleza kesho yake, kama jambo aliloliona yeye kwa macho yake: mdogo wangu, hivi vigingi mbona kama vimepanda? Usiku kucha aliirudia sentensi hiyo. Lakini asubuhi mawingu yalitanda, na Patasi, akihofia mvua, aliwaamsha vibarua wake mapema na kumwaga zege kabla haijanyesha. Fundi rangi alipofika walikuwa wanalisawazisha kwa ubao. Alisimama pale akitazama.

"Unaonaje?" Patasi aliuliza.

"Kazi nzuri," alisema.

Kule chini Timazi alimuuliza, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Amesikia."

Kichaka kilipofyekwa, kila mtu aliona. Njia ya chini ilikuja vizuri ikaishia kwenye ukingo wa zege uliosimama kama ukuta mfupi, wa kimo cha goti, na juu yake njia ya pili ikaendelea kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuwepo.

Seremala aliinama akaupima kwa mguu wake. "Hapa mtu haigizi kuanguka," alisema. "Anaanguka kweli."

Timazi alisimama chini ya ukingo, Patasi juu yake, dada yao pembeni.

"Muulize," alisema Timazi akimtazama mdogo wake machoni, "kama masikio yake yanafanya kazi."

"Mwambie," alisema Patasi, naye akimtazama yeye, "mtu mwenye mpira wa maji na mdomo hashindwi kusema."

"Mwambie nilisema."

"Mwambie ni mwongo."

Fundi rangi alikuwa karibu nao kiasi kwamba angeweza kumgusa kila mmoja. Hakuwa na cha kumwambia mtu, maana wote walikuwa wamesikia. Aliona kwamba kama ukweli ungetoka pale, mbele ya vibarua, siku chache kabla ya askofu kuja, basi angewapoteza wote wawili na njia yenyewe. Akajiambia atausema baada ya ufunguzi.

Padre alikuja akiwa na viatu vyenye matope. Alitazama ukingo, akawatazama ndugu wawili.

"Nani abomoe?"

"Aliyekosea," walisema kwa pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukubaliana.

Padre aliuliza, "Kituo cha tisa ni kipi?"

"Yesu anaanguka mara ya tatu, Padre," fundi rangi alijibu.

"Basi kisogezeni hapa. Kiwekeni kibanda mkabala na hiki kipandio." Akaondoka bila kuaga. Kama ilikuwa busara au uchovu, hakuna aliyejua.

Mahujaji walioanza kuja mapema walikipenda kipandio kile kuliko vituo vyote. Walipiga magoti mbele yake, wakaweka mikono juu ya zege, wengine wakalibusu. Fundi rangi, akimalizia kupaka, alimsikia katekista akiwaeleza watu wake, "Mnaona walivyofikiria? Njia yote ni laini, halafu hapa unashtuka. Wamefanya makusudi." Mama mmoja alilia kabisa. Fundi rangi aliteremsha brashi, akaenda kukaa nyuma ya kibanda mpaka walipopita.

Kisha ikabidi awaombe ndugu zake lile la mama.

"Nitamshika mpaka kazi yangu inapoishia," alisema Timazi. "Juu ya hapo si kwangu."

"Aletwe mpaka kwangu, nitampokea," alisema Patasi.

Jioni, akikanda magoti yale, alimwambia mama yake, "Watakushika wote wawili."

"Huyu mkono huu na huyu mkono huu?"

"Wote wawili, Mama."

Siku ya ufunguzi askofu alitangulia na msalaba, waimbaji wakamfuata, halafu watu, wengi kuliko walivyotegemewa. Mama alivaa kitambaa kipya cha kichwa. Timazi alimshika mkono wa kulia, binti yake wa kushoto.

"Na mdogo?" mama aliuliza kituo cha pili.

"Yuko mbele, Mama."

"Mbele anafanya nini?"

"Anatungoja."

Mama alitembea polepole, akisimama kila kituo na kujibu sala kwa sauti yake nyembamba. Hakulalamika. Mteremko wa Timazi ulikuwa laini kama meza, na mahujaji waliokuwa nyuma yao walisikika wakiusifu. Walipofika konani, Patasi alikuwa amesimama juu ya kipandio, ameoga, amevaa shati jeupe. Timazi aliuachia mkono wa mama yake.

"Nimemfikisha," alimwambia dada yake. "Mwambie huyo apokee."

Mama alimtazama mwanawe mkubwa. Akamtazama mdogo kule juu akiinama na kunyoosha mkono. Akautazama ule ukingo wa zege.

"Mnanipokezana?" alisema. "Kama gunia?"

"Mama, shika mkono," alisema Patasi.

"Sishiki." Akajishusha taratibu, akakaa juu ya kipandio, mgongo kwa mwana mmoja na uso kwa mwingine. "Niliambiwa mtanishika wote. Nani kajenga kitu hiki hapa? Padre alisema hakuna ngazi."

Nyuma yao watu walianza kusongamana. Mtu aliuliza kuna nini. Mwingine akasema kuna mama anasali, msimsumbue.

"Mwambie Mama," alisema Timazi, "kwamba nilimtumia huyu ujumbe ashushe, akakataa."

"Mwambie Mama kwamba sikutumiwa kitu!"

"Niambieni mimi mwenyewe!" mama alisema. "Nimekaa hapa, siko ng'ambo!"

Akaanza kulia, bila sauti, kitambaa kipya kikimteremka usoni. Fundi rangi alipiga magoti mbele yake ili akirekebishe, na pale pale, akiwa na pindo la kitambaa mkononi, akasema.

"Ni mimi. Kaka alinituma. Alisema vigingi viko juu. Sikufikisha."

Kule juu kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine.

"Nilikuuliza," Patasi alisema taratibu. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

"Ukasema hakusema kitu."

"Niliogopa utaondoka."

Patasi aliinua uso. Alimtazama kaka yake, na safari hii hakumtafuta mtu wa kumpitishia maneno.

"Kwa hiyo ulinitumia kweli?"

"Nilikutumia," alisema Timazi. "Siku ile ile niliyopima. Na wewe ungeshusha?"

"Ilikuwa udongo tu, kaka. Saa moja ningemaliza."

"Saa moja," Timazi alirudia, akatikisa kichwa. "Tumeaibishwa mbele ya watu kwa kazi ya saa moja."

"Na mangapi mengine?" Patasi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na kitu kama matumaini, na dada yake alipokisikia alihisi baridi. "Kaka, labda hata ile ya baba. Labda hukusema vile alivyoniambia."

Fundi rangi alisimama. "Hiyo nilifikisha neno kwa neno," alisema. "Hiyo moja. Kaka, sema. Unajua ulivyosema."

Timazi alijua. Ilionekana wazi kwamba anajua: macho yake yalikwenda kwenye zege, yakarudi kwa mama aliyekaa akilia, yakapanda kwa mdogo wake aliyekuwa amechuchumaa juu, mkono bado umenyooshwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyooka. Alikohoa.

"Sikumbuki kusema vile," alisema.

"Nilijua," alisema Patasi haraka, haraka mno, naye pia macho yake hayakutulia. "Nilijua si wewe."

"Kaka!" alisema dada yao.

"Wewe nyamaza," alisema Timazi, si kwa ukali. "Umeshasema ya kutosha kwa ajili yetu sote."

Alimzunguka dada yake, akamshika mama chini ya kwapa. Patasi alishuka, akamshika upande wa pili. Wakahesabu pamoja kama walivyokuwa wakifanya zamani wakibeba mawe na baba yao, wakamwinua, akafika juu. Hawakumwachia. Mama alishika mkono huu na mkono huu, akaifinya, na hakugeuka nyuma. Labda alidhani binti yake anafuata. Labda alikuwa ameelewa zaidi ya hapo na akachagua. Mtu aliyesubiri kitu kwa muda huo ni vigumu kumlaumu kwa kutokigeuzia mgongo.

Wakaondoka polepole. Kabla hawajakifikia kituo cha kumi fundi rangi alimsikia Timazi akisema jambo, na Patasi akacheka, kicheko kilekile cha utotoni, kisha mama naye akacheka kidogo. Hakusikia walichosema. Kwa mara ya kwanza hakikumhusu.

Mahujaji waliachiliwa kupita. Walipiga magoti, wakalibusu zege, wakapeana mikono, wakapanda. Alisimama pembeni mpaka alipoona wamekuwa wengi na nafasi yake imekwisha, halafu akaanza kushuka katikati yao, bega moja mbele, akiomba radhi.

"Mama, unapotea," mzee mmoja alimwambia kwa upole, akimshika mkono ili amgeuze. "Wanapanda huku."

"Najua, baba," alisema. Akautoa mkono wake taratibu, akaendelea kushuka.